Rundo Lililolala Chini ya Theluji: Kisa cha Moto wa Calf Canyon

Mwishoni mwa Januari 2022, wafanyakazi wa Idara ya Misitu ya Marekani walichoma marundo ya matawi na magogo katika eneo la Gallinas Canyon, ndani ya Msitu wa Taifa wa Santa Fe, jimbo la New Mexico. Yalikuwa majira ya baridi kali. Kwa mtu anayeijua kazi ya kuchoma masalia ya miti, huo ndio wakati anaousubiri mwaka mzima: ardhi imepoa, majani ya jirani hayashiki moto kirahisi, na theluji haiko mbali. Marundo yakawaka, yakateketea, moto ukashuka. Theluji ikaanguka mara tatu juu ya mahali pale. Ilipofika Aprili, moto uleule, uliopewa jina la Calf Canyon, ukatoka ardhini, ukapata upepo, ukaungana na moto mwingine, na kwa pamoja ukawa moto mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa katika jimbo hilo.

Nimekichagua kisa hiki cha mbali kwa sababu moja. Mawaidha karibu yote tunayopeana kuhusu kuchoma takataka za shamba na za uwanjani yanahusu kiberiti: usiwashe kukiwa na upepo, usiwashe jua la mchana, mjulishe jirani. Yote ni ya kweli na sina la kupunguza. Lakini hapa kiberiti kilipigwa wakati unaofaa, na waliokipiga walikuwa watu waliofunzwa kazi hiyo. Kilichoshindikana ni kuzima. Na kuzima, kwa wengi wetu, ni jambo la dakika tano za mwisho, kabla ya kwenda kunawa mikono.

Kwanza tuwatendee haki waliochoma. Misitu ya misonobari ya nyanda zile imezoea moto mdogo wa mara kwa mara unaosafisha majani makavu na miche dhaifu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, sera ya Marekani ilikuwa kuuzima kila moto haraka iwezekanavyo. Msitu ukasongamana, kuni zikalundikana chini, na kila moto uliokuja baadaye ukapata chakula kingi kuliko ule uliotangulia. Dawa yake ni kupunguza miti, kukusanya matawi katika marundo, kisha kuyachoma wakati wa baridi. Anayeacha marundo hayo msituni yakauke ameandaa balaa ya kiangazi kijacho. Kwa hiyo uamuzi wa kuchoma ulikuwa sahihi, na hata leo ningeutetea.

Sasa matukio yenyewe. Tarehe 9 Aprili moto ulionekana karibu na yalipochomwa marundo. Ulikuwa mdogo, kiasi cha ekari moja na nusu. Wazima moto wakaukatia njia ya udongo mtupu kuuzunguka, wakaendelea kuushughulikia siku zilizofuata. Tarehe 19 Aprili ukaibuka tena na kuvuka njia iliyokatwa. Tarehe 22 Aprili ukavuma upepo uliokuwa ukipita kilomita 100 kwa saa kwa vipindi, na hapo hapakuwa tena na la kufanya isipokuwa kuwahamisha watu.

Jirani yake kulikuwa na moto wa pili, wa Hermits Peak. Huo ulianza tarehe 6 Aprili, idara hiyohiyo ilipokuwa ikichoma eneo la Las Dispensas kwa mpango, upepo ukageuka, cheche zikaruka nje ya mipaka, na jioni ileile ukatangazwa kuwa umeponyoka. Uchunguzi uliotolewa Juni 2022 ulionyesha kwamba ukame ulikuwa mkali kuliko mpango ulivyodhani, na kwamba waliokuwa kazini walihisi msukumo wa kuikamilisha. Ule ni moto wa kiberiti kilichopigwa siku isiyofaa. Tunaujua wa namna hiyo, nao si kiini cha uchambuzi huu. Mioto hiyo miwili ilikutana wakati wa dhoruba ile ya upepo na kuwa mmoja.

Hasara yake ilikuwa zaidi ya ekari 341,000, yaani karibu kilomita za mraba 1,380, eneo linalozidi mara tatu kisiwa cha Mafia. Majengo zaidi ya 900 yaliteketea, yakiwemo mamia ya nyumba. Bonde la Mora na vijiji vyake vina familia zilizokaa pale vizazi kwa vizazi, zikiishi kwa ng'ombe, kuni za mlimani na mifereji ya maji inayotunzwa na jumuiya, kila mwenye shamba akiwa na zamu yake. Mchagga wa Kilimanjaro angeielewa mifereji ile bila kuelezwa. Ilipofika Julai mvua ikanyesha juu ya miteremko iliyoungua. Mafuriko yakashuka na majivu na magogo, mifereji ikazibwa, na watu watatu wakafa maji. Mji wa Las Vegas wa New Mexico, unaotegemea mto Gallinas, ulitangaza dharura ya maji kwa sababu mtambo wake haukuweza kusafisha maji yaliyojaa majivu. Kufikia mwisho wa 2022 Bunge la Marekani lilikuwa limetenga karibu dola bilioni 4 kuwafidia waathirika. Mkuu wa Idara ya Misitu wa wakati huo, Randy Moore, alikuwa amesimamisha uchomaji wote wa makusudi katika misitu ya taifa kwa siku 90 kuanzia tarehe 20 Mei. Wiki moja baadaye idara ilikiri hadharani kwamba moto wa Calf Canyon ulitoka katika marundo ya Januari.

Januari hadi Aprili, chini ya theluji tatu. Hapo ndipo msomaji anaposhtuka, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Rundo linapowaka huwa na mioto miwili. Wa kwanza ni wa ndimi, unaoonekana. Joto huitoa gesi katika mbao na majani, gesi ikakutana na hewa na kuwaka. Moto huo ni mkubwa, una kelele, unatisha, lakini maisha yake ni mafupi, kwa sababu gesi ikiisha nao umekwisha. Wa pili ni wa kufukuta. Gesi imetoka na kinachobaki ni mkaa, ambao huungua polepole juu ya uso wake kila hewa inapoufikia. Unahitaji hewa kidogo mno. Hauna mwanga mchana, na moshi wake unaweza kuwa mwembamba kiasi kwamba jicho halioni. Joto lake ni la chini kuliko la ndimi, ila bado ni mamia ya digrii, linalotosha kabisa kuwasha jani kavu likiguswa na upepo.

Moto huu wa pili unapenda vitu vitatu. Unapenda magogo mazito na visiki, hasa kisiki kilichooza, kwa sababu ndani yake mna nafasi ndogo ndogo zinazopitisha hewa bila kupoteza joto. Unapenda mizizi, ambayo huufuata chini ya ardhi sentimita chache kwa saa, wakati mwingine chache kwa siku. Tena unapenda kufunikwa. Majivu yanayojikusanya juu yake ni blanketi: yanazuia joto lisitoke na maji yasiingie. Mimina ndoo ya maji juu ya majivu mazito, kisha chimba kiganja kimoja kwenda chini. Mara nyingi utakuta unga mkavu kabisa, na chini yake kaa jekundu. Maji yamepita pembeni, yakafuata mteremko wake.

Theluji nayo hufanya vivyo hivyo. Inazima kilicho juu, na kwa kilicho chini inakuwa kifuniko. Katika misitu ya kaskazini mwa dunia jambo hili linajulikana vizuri. Majira ya baridi ya kuanzia 2023 kwenda 2024, jimbo la British Columbia nchini Kanada lilikuwa na makumi ya mioto iliyokuwa ikifukuta chini ya ardhi tangu kiangazi kilichotangulia. Na huko huko New Mexico, Julai 2023, Idara ya Misitu ilitangaza kwamba hata moto wa Cerro Pelado, uliounguza zaidi ya ekari 45,000 katika milima ya Jemez mwaka uleule wa 2022, ulianzia kwenye marundo yaliyodhaniwa yamekufa. Marundo ya maeneo mawili tofauti ya msitu uleule wa Santa Fe, msimu mmoja, kosa moja. Baada ya mioto hiyo msitu wa Santa Fe ulianza kutumia droni na kamera za kupima joto kukagua marundo, kwa sababu ilikuwa wazi kuwa kuyaangalia kwa macho hakutoshi.

Kama ningekuwa mmoja wa wachunguzi, ningeandika kwamba kisa hiki kina nafasi mbili zilizopotea, na ya pili inaniuma zaidi. Nafasi ya kwanza ilikuwa kati ya Februari na Machi. Maeneo yaliyochomwa yanahitaji mtu wa kuyarudia theluji inapoyeyuka, kabla upepo wa machipuko haujaanza, akiwa na sepetu na maji, afukue rundo moja baada ya jingine. Ni kazi ya kuchosha, haina sifa, na hakuna atakayeona kwamba umezuia kitu. Nafasi ya pili ni zile siku kumi kati ya tarehe 9 na 19 Aprili. Moto ulikuwa mdogo, umeonekana, umezungukwa. Lakini njia ya moto ni mstari wa juu ya ardhi, na moto huu ulikuwa umekaa miezi miwili na zaidi chini. Moto uliotoka ardhini haupaswi kutendewa kama ule uliotoka kwenye kiberiti jana yake. Kila mzizi unaopita chini ya njia lazima ukatwe, kila kisiki kifumuliwe hadi kipoe. Hadi hapo, hata ukiwa mdogo wa kuuruka kwa hatua, bado ni mkubwa.

Idara ya Misitu ilisema kwamba zaidi ya asilimia 99 ya uchomaji wake wa makusudi huenda kama ulivyopangwa. Sina sababu ya kuibishia. Lakini rundo ambalo halijafukuliwa linahesabiwa kuwa limefanikiwa mpaka siku linapoamka, na kwa sababu hiyo hesabu hiyo hainipi utulivu mwingi.

Tuje kwetu, Nyanda za Juu Kusini za Tanzania: Mufindi, Njombe, Makete, Kilolo. Hakuna theluji kule. Kuna paina na milingoti, kuna shamba la miti la Sao Hill, na kuna maelfu ya wakulima waliopanda ekari mbili tatu za miti kama akiba ya uzeeni. Mvua za masika zikiisha, Juni na Julai huja na baridi na umande wa kuganda unaoua majani yakakauka yangali yamesimama. Kisha Septemba na Oktoba ukavu unazidi, upepo unavuma, na ndio wakati huohuo watu wanapofyeka kuandaa shamba. Moto kichaa unaoingia kwenye mashamba ya miti mara nyingi haujawashwa kwa nia mbaya. Mtu alikuwa anasafisha kipande chake au anachoma matawi aliyopogoa pembeni mwa nyumba.

Na huyo mtu, akimaliza, anafanya nini? Anavuta udongo kwa jembe, anafukia. Nimeliona hili kila mahali na nadhani ndilo jambo la hatari kuliko yote tunayoyafanya kwa nia njema. Muulize mchoma mkaa anavyofanya kazi yake. Anapanga magogo, anayafunika kwa majani, anayafukia kwa udongo, anaacha matundu madogo, kisha tanuri lake linafukuta siku nyingi bila ndimi. Anayefukia rundo la visiki lililobaki na makaa amejenga tanuri pembeni mwa nyumba yake bila kujua. Wiki mbili baadaye udongo unadidimia, panatokea ufa, upepo wa saa nane mchana unaingia, na majani makavu yako hatua tatu kutoka hapo. Watu watasema moto umetokea wenyewe, au watamtafuta mwindaji wa kumsingizia.

Udongo una kazi yake. Unafaa kuviringishia kaa, kulisugua na kulipoza, ukichanganywa na maji na kukorogwa. Unafaa pia kama uwanja mtupu unaozunguka rundo. Kama kifuniko hapana.

Nikikitumia kisa cha Calf Canyon kupanga uchomaji wa nyumbani, ningeanza na kile kinachoingia kwenye rundo. Matawi membamba, majani, mabua, magugu: hayo yanawaka haraka na kuisha. Gogo lolote linalozidi unene wa mkono litolewe liwe kuni. Kisiki kisichomwe kabisa, kwa sababu hakuna aliye tayari kukilinda wiki nzima. Mara nyingi ukishatoa kuni unagundua kilichobaki kinafaa kuwa matandazo chini ya miparachichi au mboji, na haja ya kiberiti imekwisha. Kama bado ipo, rundo liwe dogo, mita moja na kidogo kwa upana na lisipite kiuno, matawi mengine yakiongezwa kidogo kidogo kadiri moto unavyokula. Rundo kubwa la mara moja hurusha cheche juu ya miti na huacha tabaka nene la makaa katikati. Mzunguko wake upaliwe hadi udongo mtupu uonekane, mita tatu kila upande, na kusiwe na tawi juu yake. Nyumba, zizi na ghala viwe mbali, mita 15 au zaidi. Sindano za paina zilizoanguka zifagiliwe mpaka udongo uonekane, maana chini ya zile za juu kuna tabaka la zilizooza nusu, na humo moto wa kufukuta hutembea bila kuonekana.

Wakati mzuri kwetu ni baada ya mvua za kwanza, asubuhi, umande ungalipo. Najua shida yake: mkulima anataka shamba liwe tayari kabla ya mvua. Lakini matawi ya uwanjani hayana haraka hiyo. Yanaweza kungoja wiki tatu, yakifunikwa turubai katikati yabaki makavu. Kibali cha serikali ya kijiji na taarifa kwa majirani viwe vimepatikana kabla. Na taarifa hiyo isiishie kwenye siku ya kuwasha. Jirani mwenye miti aambiwe pia rundo liko wapi hasa, ili akiona moshi mwembamba baada ya siku tano ajue unatoka wapi na amwite nani.

Kuzima kuanze na nguvu zingali zipo, si jua linapozama na kila mtu amechoka. Moto ukishashuka, makaa yatawanywe kwa sepetu au reki ndani ya uwanja ule mtupu, yasiachwe yameshikana. Maji yamiminwe, majivu yakorogwe mpaka yawe uji, maji tena. Kisha nyuma ya kiganja isogezwe karibu na majivu bila kugusa, sehemu baada ya sehemu. Pakiwa baridi kote, chimba hadi udongo wa asili na upitishe mkono tena, maana joto linaweza kuwa limeshuka kwenye mzizi. Kesho yake asubuhi rudia. Rudia tena baada ya siku chache, hasa upepo mkali ukitarajiwa, na hata mvua ikiwa imenyesha katikati, kwa sababu mvua ya saa moja juu ya majivu haifiki mbali. Kijiji kinachotoa kibali cha kuwasha kingeweza kuandika kwenye karatasi ileile tarehe ya kurudi kukagua na jina la atakayekwenda. Haina gharama yoyote zaidi ya mstari mmoja wa wino.

Limebaki swali ambalo wengi hukosea hata wanaporudi: umekuta rundo la wiki iliyopita bado lina moto ndani, na leo kuna upepo. Usilifumue. Kulifumua kwenye upepo ni kuyapa makaa hewa yote yaliyoikosa, na cheche zitakuwa zimefika kwenye nyasi kabla hujainua sepetu mara ya pili. Mzunguko upaliwe upya, maji yamiminwe kwa wingi juu na pembeni, watu wawili walilinde mchana kutwa, na jirani wa upande unakoelekea upepo apelekewe habari saa hiyohiyo. Alfajiri upepo ukitulia, lifumueni taratibu kuanzia ukingoni, mmoja akifukua na mwingine akimimina maji, hadi kaa la mwisho.